Nusu ya Kijito

Pa! Pa! Pa!

Lorinda aliisikia sauti hiyo kabla hajafumbua macho. Haikuwa mvua, ingawa kijiji kizima cha Mchanga Mweupe kilikuwa kikiingoja mvua tangu sikukuu ya Mtakatifu Yohana. Ilikuwa mikono ya bibi yake, Ernestina Antone, ikirusha donge la unga kutoka kiganja hadi kiganja na kulitanua mpaka likawa chapati pana kuliko sinia, nyembamba kiasi cha kumwona jirani kwa upande wa pili.

Bibi na mjukuu walikuwa wakilala nje, chini ya kibanda cha matawi, kwa sababu joto la Julai halikumruhusu mtu kulala ndani. Mama yake Lorinda alifanya kazi mjini Tucson na kurudi kila Ijumaa jioni. Siku nyingine zote, amri ilikuwa ya Bibi.

"We mtoto, amka! Jua likikukuta umelala litakuchoma kwa makusudi."

"Bibi, bado giza."

"Giza ndilo zuri. Leo unatembea kijito."

Lorinda aliketi. Miaka yote Bibi mwenyewe ndiye aliyekitembea kijito kabla ya mvua za majira ya joto, kutoka shambani hadi chini ya mlima, akitazama kila kona. Lakini mwaka huu ugonjwa wa sukari ulikuwa umemtia kidonda mguuni, na daktari alikuwa amemwambia asikanyage mchanga wa moto hata hatua kumi. Bibi alikuwa amemjibu daktari kwamba yeye amekanyaga mchanga huo kabla daktari hajazaliwa. Hata hivyo alitii.

"Tena si umesema Mwalimu Listo anataka uchore kijito na kueleza habari zake?" Bibi aliendelea. "Basi, kazi mbili kwa safari moja."

"Mwalimu anataka historia, Bibi. Si unisimulie tu?"

Bibi akaigeuza chapati juu ya bati la moto kwa vidole vitupu. "Hadithi za kale ni za majira ya baridi, nyoka wakiwa wamelala. Ukizisimulia sasa wanakuja kusikiliza. Na kijito si hadithi, mjukuu wangu. Kijito ni njia, na njia haisimuliwi. Hutembewa."

Alimpa chupa mbili za maji, chapati iliyokunjwa, na kofia ya marehemu babu yake. Kisha akamwelekeza, akihesabu kwa vidole vyenye unga: kutoka shambani hadi barabara ya lami, kupita chini ya barabara kwenye kalavati, halafu kona mbili, halafu ule mti-chuma mkubwa uliosimama peke yake, halafu lambo la ng'ombe, halafu mawe ya mlima. "Ukiona mahali ukingo umekatika, utaniambia. Ukiona kila kitu kizima, utaniambia. Nitayaamini macho yako kama yangu."

Lorinda alijua kwa nini jambo hilo lilikuwa zito. Ndani ya nyumba, juu ya kabati, kulikuwa na kopo la kahawa lenye mbegu za maharage madogo meupe, maharage ambayo ukoo wao ulikuwa umeyapanda tangu enzi za babu wa babu. Miaka miwili mfululizo mvua ilikuwa imekataa. Kopo hilo moja ndilo lililobaki, na mbegu zake zilikuwa zimeanza kuzeeka. Mwaka huu zisipopata udongo uliolowa, mwakani huenda zisingeota tena. Na udongo wao haukuwa na bomba wala kisima. Shamba lilikuwa mdomoni mwa kijito, pale kinapotema maji yake. Kwa siku zaidi ya mia tatu kijito hicho kilikuwa mchanga mkavu. Kisha siku moja mvua hunyesha mlimani, maji hushuka kwa kelele, uzio wa matawi huyapunguza mwendo na kuyatandaza shambani, nayo maharage hushiba kwa kinywaji hicho kimoja.

Basi Lorinda akaenda. Mipungate mirefu ilikuwa imesimama kimya pande zote mbili kama watu wanaongoja basi. Alitazama kila kona, akaandika kwenye daftari lake, na hata akachora tundu la bundi lililokuwa ukingoni. Alipofika kwenye barabara ya lami, jua lilikuwa limechomoza kabisa, na shati lilikuwa limemganda mgongoni.

Pale kwenye kalavati ndipo penye mtandao. Katika Mchanga Mweupe kote hapakuwa na mahali pengine simu inaposhika vizuri. Lorinda aliingia kwenye kivuli cha kalavati ili apumzike dakika tano tu. Simu yake ikalia mara moja, mara mbili, mara tisa. Rafiki zake walikuwa wametuma video za mechi ya mpira wa kikapu, na mmoja alikuwa ametuma ya paka anayeogopa tango. Dakika tano zikazaa kumi, na kumi zikawa na wajukuu.

Alipochungulia nje, mchanga ulikuwa umeanza kumetameta kwa joto. Chupa moja ilikuwa tupu. Nusu ya kijito ilikuwa imebaki.

"Kona mbili, mti-chuma, lambo, mawe," alijisemea. "Mbona nakijua? Mwaka jana nilikwenda na Bibi. Kijito hakina miguu, kitahamia wapi?"

Akafungua daftari, akachora kona mbili, mti mkubwa wenye matawi mazuri, lambo na mawe. Ukweli ni kwamba mchoro ulipendeza. Kisha akarudi nyumbani.

"Umefika hadi kwenye mawe?" Bibi aliuliza.

"Ndiyo, Bibi."

"Na mti-chuma wangu hajambo?"

"Hajambo."

"Kingo zote nzima?"

Lorinda alilifunga daftari. "Zote nzima."

Bibi akapumua kwa furaha, akamwita mwanawe, Camillus, ambaye alikuwa akikaza magurudumu ya pikapu yake uani. "Camillus! Kijito kizima. Huna haja ya kukata matawi mengine. Nenda tu kwenye kazi yako ya ujenzi."

"Afadhali, Mama," Mjomba Camillus alijibu. "Alhamisi asubuhi naondoka, nitarudi Jumapili. Ahsante, Lori, umeuokoa mgongo wangu."

Lorinda alitabasamu, lakini tabasamu lile lilimkwama usoni kama mwiba wa mpungate.

Jumatano jioni alikuwa ameubandika mchoro wake kwenye nguzo ya kibanda, ili aupake rangi kabla ya kuupeleka darasani. Binamu yake Verlon, mtoto wa Mjomba Camillus, alikuja akinuka ng'ombe. Alikuwa na miaka kumi na mitatu na ulimi wenye miaka hamsini. Akausogelea mchoro, akainamisha kichwa upande huu na upande ule, kisha akacheka hadi akashika tumbo.

"Unacheka nini, we kinyago?"

"Dada, hongera! Umechora mzimu."

"Mzimu gani?"

"Huo mti-chuma. Ulianguka mwezi wa tatu, zile mvua za baridi zilipochimba mizizi yake. Mimi huupita kila nikifuata ng'ombe lamboni, nikadhani wote mnajua. Umelala chali kijitoni, miguu juu, kama baba yangu siku ya sikukuu. Wewe uliuona umesimama? Ulikusalimia?"

Lorinda alihisi masikio yakiwaka moto. "Nyamaza, Bibi atasikia!"

Verlon aliacha kucheka. Alimtazama, akautazama mchoro, akaelewa. "Hukwenda," alisema polepole. "Lori, hukwenda."

"Usiseme."

"Mimi sisemi. Lakini tazama kule."

Kusini, juu ya mlima, mawingu yalikuwa yamesimama meupe na marefu, na chini yake palikuwa na weusi.

Usiku huo usingizi ulimkimbia. Alfajiri, kabla mikono ya Bibi haijaanza kupiga unga, Lorinda alivaa kofia ya babu yake, akaubandua mchoro nguzoni akautia mfukoni, na kutoka mbio. Kwenye kalavati simu ilitetemeka mfukoni. Hakuitoa. Alipita kona ya kwanza, akapita ya pili, na hapo akasimama.

Mti-chuma ulikuwa umelala kukingama kijito chote. Mchanga na takataka za mvua za baridi zilikuwa zimejazana nyuma yake kama ukuta, na maji, yalipozuiwa, yalikuwa yameula ukingo wa kushoto. Mlango mpya, mpana kuliko pikapu ya mjomba, ulikuwa wazi. Ulishuka moja kwa moja hadi kwenye njia ya zamani ya magari ya farasi, na njia ile ilikwenda zake kwenye bonde la mawe, mbali kabisa na shamba. Tone moja lisingefika kwenye maharage.

Alijaribu kuvuta tawi moja. Halikutikisika. Akavuta tena, miiba ikamchana kiganja. Hapo akakaa juu ya mchanga akalia kidogo, kwa sababu sasa alijua kwamba kulikuwa na dawa moja tu, nayo ilikuwa chungu. Mlimani radi ikanguruma. Alijifuta machozi kwa mkono wenye damu, akaanza kukimbia.

Alifika uani akihema. Mjomba Camillus alikuwa tayari ndani ya pikapu, injini inaunguruma, Verlon akimpa kikapu cha chakula. Lorinda alisimama mbele ya gari, mikono ameitanua.

"Mjomba, usiondoke!"

"We Lori, nitakukanyaga! Kuna nini?"

Bibi alikuwa ameketi kwenye kiti chake, mguu wenye kidonda juu ya ndoo. Lorinda alimgeukia yeye. Maneno yalipoanza hayakusimama tena.

"Bibi, nilikudanganya. Jumatatu sikufika kwenye mawe. Niliishia kwenye kalavati nikacheza na simu. Nusu ya pili niliichora kwa kichwa. Mti-chuma umeanguka, ukingo umekatika, maji yatakwenda kwenye njia ya magari ya farasi. Nimetoka huko sasa hivi. Nimeona kwa macho yangu, Bibi, haki ya Mungu nimeona."

Injini ikazimwa.

Bibi aliangalia mawingu. "Camillus," alisema, "mashoka yako wapi?"

"Nyuma ya gari, Mama."

"Basi nisaidie kupanda."

"Daktari kasema usikanyage..."

"Daktari kasema nisikanyage mchanga. Kiti cha gari si mchanga."

"Bibi, hukasiriki?" Lorinda aliuliza kwa sauti ndogo.

"Nimekasirika sana," Bibi alijibu. "Lakini hasira yangu inajua kungoja. Maji hayajui. Leta lile panga."

Mjomba Camillus aliwapigia simu wenzake kutoka kwenye kalavati, akawaambia atachelewa siku moja, wakamtukana kwa mapenzi, naye akawarudishia. Kisha wakaifuata njia ya zamani hadi kwenye mti ulioanguka. Mjomba aliikata sehemu ya katikati ya shina kwa msumeno wa mota, mbao zake ngumu zikilia kama chuma kweli, na wote wakazivuta kwa kamba na gari hadi mkondo wa kale ukafunguka. Halafu ikaja kazi ya kuufunga mlango mpya. Verlon alikata mathenge, mti wa miiba uliojaa kando ya kijito. Lorinda alichonga vigingi. Mjomba alivipigilia ardhini kwa nyundo, huku akiimba kwa kufuata mapigo:

"Maji hayapigi hodi,
hayaulizi mwenyeji!"

Bibi aliongoza kazi kutoka kwenye kiti cha gari, mlango wazi, sauti yake ikifika kila mahali. "Si kubana hivyo! Mnajenga uzio, hamjengi jela! Ukiyafunga maji kabisa yatabomoa. Yaachie pumzi, yachoke, yageuke yenyewe." Na Lorinda alipoleta mzigo wa matawi karibu na gari, Bibi alimwambia, bila kuulizwa:

"Njia hii ya magari aliichonga baba yangu, kwa kubebea kuni. Magurudumu yaliichimba mwaka hadi mwaka, mpaka kijito kikaiona ni rahisi kuliko kitanda chake. Nilikuwa na umri wako. Miaka mitatu kijito kilipita huku, na shamba likawa vumbi. Tulikula mbegu. Baba alikwenda kuchuma pamba kwenye mashamba ya watu, huko mbali, na tulipokirudisha kijito nyumbani hatukuwa na hata punje. Mama yangu alitembea siku mbili kwenda kwa dada yake kuomba kopo moja. Ni hilo hilo unaloliona kabatini."

Lorinda alisimama na matawi yake kifuani. "Hukuwahi kuniambia, Bibi."

"Ningekuambia Jumatatu, kama ungefika hapa ukaniuliza kwa nini kijito kina makovu mawili. Haya, peleka matawi."

Saa nane mchana upepo uligeuka ukawa baridi, ukaleta harufu ya vichaka vilivyolowa. Jua lilikuwa bado linawaka juu yao, lakini mlima ulikuwa umepotea katika mvua. Mjomba Camillus aliacha nyundo katikati ya pigo, akasikiliza.

"Tokeni kijitoni! Wote, juu! Sasa hivi!"

Waliparamia ukingo wa juu. Kwanza ilikuwa sauti tu, kama lori linalomwaga kokoto mbali. Kisha ulimi wa povu la kahawia ukajitokeza kwenye kona, ukisukuma vijiti, makopo na kinyesi cha ng'ombe, na nyuma yake maji yakaja yamejaa ukingo hadi ukingo. Yalilipiga lile tuta la matawi, na uzio mzima ukatetemeka. Kigingi kimoja, kile alichokichonga Lorinda mwenyewe, kikaanza kuinama.

"Kinang'oka!" Lorinda alipiga kelele, akataka kushuka. Mkono wa mjomba ukamdaka kwenye kola.

"Kigingi tunaweza kuchonga kingine. Wewe tunaye mmoja."

Kigingi kiliinama tena. Takataka zikajikusanya kwenye matawi, zikayaziba matundu moja baada ya jingine. Maji yakazunguka pale, yakasita kama mgeni asiyejua mlango. Halafu polepole, kisha kwa kasi, yakageukia kulia, yakapita kwenye pengo la mti-chuma na kushuka katika kitanda chake cha zamani.

Verlon alirusha kofia juu ikatua majini, ikaenda. "Kofia yangu!" alilia, na wote wakacheka, Bibi kuliko wote, akipiga dashibodi kwa viganja viwili: pa, pa, pa!

Walipolizunguka lile bonde na kufika shambani, maji yalikuwa yameshatangulia. Yalikuwa yamepenya uzio wa chini yakatulia, yakajitandaza juu ya udongo wote, mapana na membamba, kama unga wa Bibi unapotanuliwa mikononi. Vyura ambao hakuna aliyewaona mwaka mzima walikuwa wametoka ardhini na kuanza kupiga kelele kama wanaodai mahari. Lorinda alihisi jiwe alilolibeba tangu Jumatatu likimdondoka kifuani. Akacheka na kulia kwa pamoja, na hakujali Verlon alimwona.

Bibi alikuwa na lile kopo la kahawa mapajani. Kumbe alilibeba tangu asubuhi. Alimwita Lorinda akalitia mikononi mwake.

"Baada ya siku tano, udongo ukiacha kunata, tutapanda. Wewe ndiye utakayechimba mashimo, yote, ndiyo adhabu yako, na Verlon asikusaidie hata moja." Akamshika bega. "Sasa nisikilize, mjukuu wangu. Mchoro wako haukuwa mbaya. Ulichora kijito cha mwaka jana. Lakini maji hayasomi karatasi, yanafuata ardhi ilivyo leo. Ulinidanganya nusu tu ya kijito, ukaona ni jambo dogo. Na maji yalikuja kupita kwenye nusu hiyo hiyo. Uongo mdogo uko hivyo, haukai mahali pasipo na kazi. Ungeniambia Jumatatu, 'Bibi, nimechoka, sikufika,' ningekuita mvivu, tungecheka, na Camillus angekwenda kutazama. Mchovu anayesema kweli ananifaa kuliko shujaa wa uongo. Na leo, uliposimama mbele ya gari ukasema yote, mwenzio akisikia na mjomba wako akisikia, hapo ulinipa kitu ambacho simu haina. Macho yako. Nitayaamini tena, lakini uyatunze."

"Na mchoro je?" Verlon aliuliza. "Mwalimu Listo anautaka kesho."

Lorinda alitoa ule mchoro mfukoni, umelowa jasho. Hakuuchana. Aliugeuza upande wa pili, akaazima penseli ya mjomba, akachora kitanda cha kijito, kisha pembeni yake njia ya magari ya farasi, na kati yao mti uliolala chali, miguu juu. Chini ya mti akaandika jina la baba yake Bibi, aliyeichonga njia ile. Alipomaliza alilikumbatia kopo, akamtazama bibi yake usoni.

"Bibi," alisema, kwa sauti ya kuwashinda vyura, "mguu wako ukipona au usipopona, mwakani nitakitembea kijito chote, kutoka hapa hadi kwenye mawe. Na nikichoka njiani, nitarudi nikuambie nimechoka. Nakuahidi."